Kama Zakayo Angekuwa Mtu wa Garsen

Neno toba tulilipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudi. Anayerudi lazima arudi mahali fulani, kwa mtu fulani. Lakini katika makanisa mengi tunayosali sisi vijana wa mjini, toba imekuwa kitu cha dakika tano. Kwaya inaimba polepole, pasta anaomba kila mtu afumbe macho, unainua mkono, unarudia sala, watu wanapiga makofi. Jumatatu ikifika, yule uliyemkosea bado yuko palepale ulipomwacha, na hana habari kwamba wewe umesamehewa.

Je, mtu anaweza kutubu kwa kweli bila kumrudia aliyemkosea? Nataka tuliulize swali hili Tana River, kwa sababu kule halina mzaha.

Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa, cha Waorma, kilivamiwa. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani, na watu 38 wakafa, wakiwemo askari polisi. Desemba 21 damu ikamwagika tena, huko Kipao. Chanzo si kigeni kwa mtu wa Garsen. Mpokomo analima kando ya mto, Mworma anafuga, na kiangazi kikikaza ng'ombe lazima wafike majini kupitia njia zinazoitwa malka. Njia ikilimwa, ng'ombe hupita juu ya mazao. Wengi waliona pia mkono wa siasa, maana uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa mlangoni.

Sasa, kando ya mto huu Injili si mgeni. Tangu miaka ya 1880 wamisionari wa Kimethodisti walikuwa Golbanti, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walikuwa Ngao. Zaidi ya karne ya mahubiri! Kwa hiyo hatuwezi kusema ati watu hawakuwahi kulisikia neno toba. Labda shida ni toba ya namna gani waliyoisikia, na tunayoisikia sisi pia.

Hebu tufungue Biblia yenyewe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kina sheria ambayo ungedhani iliandikwa Garsen: mtu akiacha mifugo yake ile shamba la mwenzake, alipe kwa mazao bora ya shamba lake mwenyewe. Si makapi, ni mazao bora. Hesabu sura ya 5 inamtaka mkosaji aungame, arudishe alichokosea, kisha aongeze sehemu moja ya tano. Halafu kuna Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Yesu alipoingia nyumbani kwake, yeye hakusema tu kwamba anajisikia vibaya. Alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne.

Kuna watakaosema hapo nauza neema, na neema ni bure. Nakubali ni bure. Angalia lakini mpangilio wa kisa: Yesu alikubali kuingia kwa Zakayo kabla hajatoa hata senti. Malipo hayakuwa bei ya kusamehewa, yalikuwa dalili kwamba msamaha umeingia ndani ya nyumba. Na yule mwizi msalabani, aliyekuwa na mikono imefungwa, hakudaiwa chochote. Wengi wetu mikono yetu haijafungwa.

Waorma ni Waislamu, na miongoni mwa Wapokomo wamo Wakristo na Waislamu. Hapo pia dini hazipingani. Sheikh atakuambia kwamba dhambi inayogusa haki ya mwanadamu mwenzako haiishi kati yako na Mungu tu. Mwenye haki arudishiwe, au akusamehe mwenyewe.

Ndiyo maana sala za jumla hunitia wasiwasi. "Mungu utusamehe sisi sote" ni sala nzuri, lakini ndani ya "sisi sote" mwenye panga anaweza kujificha vizuri sana nyuma ya mama aliyepoteza watoto. Wote wawili wanatubu, na hakuna aliyefanya. Vivyo hivyo tunapoambiwa tusahau yaliyopita. Anayesema hivyo mara nyingi si yule aliyezika.

Najua ugumu wake. Aliyeua hawezi kurudisha mara nne. Hata mara moja hawezi. Akikiri anaweza kufungwa, na jina lake likitajwa ovyo, kisasi kinaweza kuwaka upya. Simwambii akapige kelele sokoni. Lakini anaweza kuanza na wazee wa pande zote mbili, akakubali sheria ifuate mkondo wake, akaonyesha mahali ambapo njia ya maji ilifungwa au shamba liliharibiwa. Na kanisa, badala ya kumpa sala ya dakika tano, litembee naye hadi huko, hata kama ni miaka. Asipofika, sisemi Mungu hakumsikia. Nasema safari yake ya kurudi haijaisha.

Sisi wa Nairobi na Mombasa hatukushika panga. Lakini sote tuna mtu ambaye deni lake tulimpelekea Mungu kwa sababu Mungu hatudai hadharani. Mtoto aliyezaliwa Tana Delta mwaka ule wa 2012 sasa ni kijana. Kama hakuna mtu mzima aliyesema mbele yake "mimi nilifanya, na hiki ndicho ninachorudisha," anachorithi ni hesabu ya wafu wa upande wake peke yake.