Kiharusi, Kadari na Barabara ya Biliqo

Mzee akianguka Biliqo, katika kaunti ya Isiolo, mdomo ukapinda na mkono mmoja ukakataa kuinuka, watu watasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Muislamu hana ubishi na hilo. Linalobishaniwa tangu zamani ni jingine: ni tiba gani ambayo mtu akiiacha amezembea, wala si kwamba ametawakali?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziweka njia za kuondoa madhara katika daraja tatu. Maji kwa mwenye kiu ni ya yakini. Kuyaacha mpaka ufe ni haramu. Dawa za matabibu ni za dhana, anayeziacha halaumiwi. Kuchoma mwili kwa moto, tiba wanayoijua sana wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, aliiweka chini kabisa.

Dawa za kiharusi ziko daraja gani? Mwaka 2006 watafiti wa Australia walihesabu tiba 1,026 zilizowahi kufanyiwa majaribio. Nyingi ziliokoa ubongo wa panya, zikaishia hapo. Dawa iitwayo NXY-059 ilitia moyo katika jaribio la kwanza kubwa kwa wagonjwa. Mwaka 2007 jaribio la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuonyesha faida yoyote. Si ajabu. Panya wa maabara mara nyingi ni kijana mwenye afya, na anayemziba mshipa anajua dakika aliyouziba. Mzee ana presha ya miaka mingi, pengine na sukari, na huenda ameamka asubuhi tayari amepooza.

Dawa moja, alteplase, ilifaulu. Marekani iliiidhinisha kwa kiharusi mwaka 1996. Huyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida sharti itolewe ndani ya saa tatu tangu dalili zianze, au nne na nusu kwa baadhi ya wagonjwa, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Ukivuja, dawa yenyewe inaweza kuua.

Kutoka Biliqo hadi Isiolo mjini ni safari ndefu ya vumbi, na mvua ikinyesha, ya matope. Saa hizo chache za dawa zinaweza kuyoyoma gari likingali linatafutwa. Basi dawa ileile iliyo karibu zaidi na yakini kwa mkazi wa Nairobi inageuka dhana kwa mfugaji, na kilichoishusha daraja ni barabara. Hiyo hujengwa kwa bajeti. Kuiita kadari ni kuwafichia wanadamu deni lao.

Vidonge vya presha, kwa upande mwingine, ni vya bei nafuu, havihitaji CT, na ushahidi kwamba vinapunguza kiharusi ni mkubwa kuliko wa dawa yoyote iliyoishia kwa panya. Tangu 2013 zahanati ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Rafu ikiwa tupu, wa kuulizwa kwanza ni kaunti, kabla ya mzee kuulizwa kuhusu imani yake.