Wageni wa Mbweni

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14–22



Tukipita Mbweni siku hizi twaona nyumba nzuri na bustani. Ni vema tukumbuke ya kuwa kijiji hicho cha Wakristo kilianzishwa na watu waliofika bila mali, na wengi bila hata jamaa mmoja.

Mwaka 1871 Askofu Tozer alinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, kando ya bahari. Wakati huo soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi; lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa letu Kuu likajengwa mahali pake. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa, baadhi ya waliookolewa waliletwa Mbweni, kila mmoja na lugha ya kwao. Wakajenga vibanda, wakalima. Wasichana walisomeshwa katika Shule ya Mtakatifu Maria, ambako Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, aliwafundisha miaka mingi. Na mwaka 1876 kundi la watu wa Mbweni lilifuatana na Askofu Steere hadi bara, likaanzisha kijiji cha Kikristo huko Masasi. Injili ilipelekwa Masasi na miguu iliyokuwa imefungwa minyororo!

Shule imebaki magofu, lakini Kanisa la Mtakatifu Yohana lingali limesimama. Na wajukuu je? Baadhi yetu ni wajukuu wa watu hao, lakini ni nani apendaye kulisema? Wazee wengi walinyamaza, maana neno “mtumwa” lilikuwa tusi. Ndugu zangu, aibu si ya aliyeuzwa. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Waambieni watoto habari hizi bila kuinamisha kichwa.

Walakini, kukumbuka tu hakutoshi. Musa anawaagiza Israeli wakumbuke utumwa wao wa Misri, na papo hapo anawapa kazi: kibarua alipwe kabla jua halijatua, na mganda uliosahauliwa shambani uachiwe mgeni, yatima na mjane.

Mgeni wetu leo ni nani? Ni yule msichana aliyetoka bara kufanya kazi nyumbani mwetu. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na hulala wa mwisho. Twamwita “we mtoto”, na jina lake la ubatizo hatulijui. Mshahara wake twauweka mpaka mwezi mwingine. Jumapili sisi twaenda Misa, yeye yuko jikoni. Mjukuu wa mtumwa akitenda hivyo, amesahau Mbweni, hata akijua tarehe zake zote.

Basi mlipeni mwezi uishapo. Mpeni siku ya kupumzika. Akiwa Mkristo, aje Misa akae nanyi benchi moja.

Tumwombe Mungu, aliyewatoa wazee wetu katika majahazi, atutoe na sisi katika ugumu wa moyo. Amina.