Chungu Aliwatafutia Udhuru



Katika Sura An-Naml yumo chungu anayewaonya wenzake waingie majumbani mwao, Nabii Suleiman na majeshi yake wasije wakawaponda bila kujua. Wengi wetu tulisomeshwa kisa hiki madrasa, tukafurahia tabasamu la Nabii. Mimi nimeshughulishwa na mwisho wa maneno ya yule mdudu. Hakuwatuhumu askari kwa ukatili. Aliwatafutia udhuru, kwamba hawajui. Swali langu ni hili: udhuru huo unafaa hadi lini?

Twende Sebitoli, kaskazini mwa msitu wa Kibale, ambako barabara ya lami ya Kampala kwenda Fort Portal inakata hifadhi. Watafiti waliwatazama sokwe wakivuka hapo kwa miezi 29, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya kila sokwe 100, 92 waliangalia kulia, kushoto au pande zote mbili kabla ya kuvuka au wakati wa kuvuka. Zaidi ya nusu walikimbia. Aliyetangulia mara nyingi alisimama au kugeuka kuwatazama walio nyuma.

Ndivyo mama zetu walivyotufundisha kuvuka tulipokuwa tukienda shule. Sokwe ametimiza adabu yake ya barabarani, wala hakuwa na habari kwamba kuna barabara mpaka sisi tulipoileta. Anavuka kwa sababu matunda yapo ng'ambo, na kwa sababu jike kijana huhama kundi alilozaliwa akajiunge na jingine. Na jike huzaa mara moja tu katika miaka mitano au sita. Akigongwa mmoja, pengo lake halizibwi mwaka ujao wala mwaka wa keshokutwa.

Sasa nasikia mtu akisema: watu kwanza. Nakubaliana naye kabisa. Mjamzito anayekimbizwa hospitali Fort Portal anaihitaji lami ile, na anayemwambia arudi kwenye matope hajawahi kusukuma gari la wagonjwa. Lakini tupige hesabu. Kipande cha kilomita 5 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni dakika nne kasoro robo. Kwa mwendo wa 40 ni dakika saba na nusu. Tunabishana juu ya dakika zisizofika nne, na mara nyingi mwenye haraka si mjamzito, ni lori la bia au la simenti.

Inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa huko Iraq kwa kuwa hakumsawazishia njia. Huyo ni nyumbu wa mizigo. Kiswahili kimempa jina lilelile nyumbu wa porini, na huyu kesi yake ni nzito zaidi.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini uliachwa wazi ili wanyama waende na kurudi Kitengela na nyanda za Kaputiei. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda zile walizidi 25,000. Miongo minne haikupita kabla hawajashuka chini ya 3,000. Ujangili umechangia, lakini kubwa ni viwanja, uzio, barabara na mji uliotambaa kusini.

Kibale una mzoga na una dereva. Mikumi, kule Tanzania, dereva akigonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Kitengela utamtoza nani? Kila mmoja alinunua kiwanja chake kwa halali, akapata hati, akazungusha uzio mwizi asiingie. Mmasai aliyeuza alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Ukiwahoji mmoja mmoja hutapata mkosaji, na nyumbu hawapo. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasiweke uzio, na kwa maoni yangu huo ulikuwa wa haki kuliko kumlaumu masikini, ingawa fedha zake zilitegemea wafadhili.

Nadhani sheria yetu ina jina la wajibu wa namna hii, nalo ni fardhi kifaya. Maiti asipozikwa, mji mzima una dhambi, hata aliyekuwa na shughuli halali sokoni. Mashekhe watanisahihisha nikikosea, lakini naona kuhesabu mapito ya wanyama kabla ya kujenga kunaingia hapo. Jeshi la Suleiman halikuwa na mtu wa kuhesabu chungu. Sisi tunao, wanakaa misituni miezi 29 na daftari, kisha kazi yao inawekwa kabatini baada ya kutetewa mbele ya wahadhiri.

Kati yenu wapo wanaosomea uhandisi, na huenda baadhi yao ndio watakaochora barabara zijazo. Jengo la wanafunzi wa wanyamapori huwa ni mwendo wa dakika chache tu kutoka lao. Ramani ya mapito iulizwe huko kabla zabuni haijatangazwa, maana mkandarasi akishalipwa, tuta moja tu huhitaji barua kumi.