Kamba Ina Kaburi, Njaa Je?

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo vijana wengi wa mjini huliona la kizee, nami naomba tulizungumze hivyo hivyo. Mahali pa vita pakifyekwa, pakakarabatiwa, pakapigwa rangi na kuwekewa kiingilio ili wageni waje, ni kitu gani hasa kinachofunguliwa? Ni geti tu, au na habari yenyewe?

Nauliza kwa sababu ya Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, wakawafukia katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Wazee husema alizikwa bila kichwa, kwa maana kichwa kilikatwa kikasafirishwa kwenda Ujerumani. Mwaka 1980 pakafunguliwa makumbusho hapo hapo, eneo la Mahenge, na mwaka 2010 yakaingizwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukienda utakuta kaburi la pamoja, sanamu za viongozi, ngao na mikuki. Kila mwaka ikifika Februari watu hukusanyika, mashada yakawekwa, ngoma zikapigwa. Tarehe 1 Novemba 2023 alifika Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akasimama mbele ya wajukuu wa wale walionyongwa, akaomba msamaha. Na hapo hapo mjini kuna mawe na pango la Chandamali, ambako inasimuliwa kuwa Nduna Songea alikuwa akijificha. Nako watu wanataka wageni wapande.

Kijiweni kwetu jambo hili lilizua ubishi wa saa mbili nzima, kahawa ikapoa. Kundi moja lilisema: fungueni kila kitu, leteni watalii, wafu hawana shida, sisi tulio hai ndio wenye njaa. Kundi jingine likaja juu: kaburi siyo sinema, mtu hawezi kukata tiketi akamwangalie babu yake. Ukiwasikiliza unaona kila upande una haki yake, na ndiyo maana ubishi haukuisha.

Mimi kiingilio hakinisumbui. Paa huvuja, uzio huoza, mlinzi ana watoto. Hata kwenye tambiko mtu haendi mikono mitupu. Anapeleka unga, anapeleka pombe. Kinachonisumbua ni kule anakopelekwa yule aliyelipa, na kule asikopelekwa.

Tutazame kwanza jirani zetu wa Iringa. Mkwawa alikufa mwaka 1898, fuvu lake likachukuliwa, likatajwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Leo limewekwa Kalenga, ndani ya kioo. Unaingia, unalitazama, unatoka. Wahehe wenyewe ndio wenye kusema kama ni sawa ama siyo sawa, mimi siwasemei. Lakini ndugu zangu wa Songea wanaongojea kichwa cha Nduna Mbano watalazimika kulijibu swali hilo siku kitakapopatikana: kichwa cha shujaa ni cha kuzikwa, au ni cha kuonyeshwa? Rais Steinmeier aliahidi kuwa kitatafutwa. Jibu ingefaa liwe tayari kabla ya ndege kutua.

Turudi kwenye kamba. Zaidi ya watu 60 ni wengi mno. Kijiji kinaweza kubaki hakina mzee hata mmoja. Lakini hebu tuhesabu vita vyote, tangu Julai 1905 kule Umatumbi hadi mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria Waafrika waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee waliokuwepo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi wao Waafrika 389. Sasa jiulize, bwana: maelfu hayo yote walifia wapi? Bunduki za rashasha ziliua wengi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ukijumlisha kila aliyeanguka penye risasi na kila aliyenyongwa, hesabu haikaribii.

Walifia nyumbani. Wengi mno walifia nyumbani, mlangoni, njiani kwenda kuchimba mizizi porini. Waliuawa na njaa, na njaa ile haikuwa ukame. Mvua zilinyesha. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake hayatatosha, kitakachowafanya watu wasalimu amri ni njaa na dhiki. Basi wakachoma vijiji, wakachoma vihenge, wakafyeka mazao yaliyosimama shambani, wakachukua nafaka kulisha majeshi yao. Kule Songea, Kapteni Richter hakuficha kwamba watu wafe njaa tu, askari wake watapata cha kula.

Angalia na tarehe. Wakulima wenzangu wa Ruvuma wananielewa: mvua zetu huanza Novemba au Desemba, watu hupanda, na Februari mwishoni shamba ni kijani kitupu, akiba ya mwaka jana imepungua, kila mtu anahesabu siku. Huo ndio wakati ambapo kamba zilifungwa. Siku ile ya 27 Februari 1906 palipokuwa pananyongwa watu, shamba lililotakiwa kuwa kijani lilikuwaje? Vita viliingia Ungoni Septemba 1905, miezi miwili mitatu kabla ya kupanda. Watu walikuwa milimani wamejificha. Kwa hiyo anayeweka shada leo kwenye kaburi huku mahindi ya jirani yakimfika kiunoni anapita katikati ya ushahidi wenyewe, na hakuna kibao kinachomwambia.

Hapo ndipo ninapopinga ramani yetu ya ushujaa. Tunasema uwanja wa vita ni pale mkuki ulipokutana na risasi, au pale kamba ilipofungwa. Mimi nasema uwanja mkubwa wa vita vya Majimaji ulikuwa kihenge. Adui alikifahamu, ndiyo maana alikichoma. Sisi wenyewe ndio hatujakifahamu hadi leo, na ajabu ni kwamba tunaishi katika mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi.

Kuna mtu ataniambia: lakini ndugu, kamba ina heshima, mtu alisimama akafa kiume. Sawa. Ila pale palikuwa na Mkomanile pia, mwanamke mmoja kati ya wanaume, naye alinyongwa. Yeye tunamtaja, na ni haki yake. Wale waliopika, waliobeba, waliozaa porini, hatuna hata jina la mmoja. Tena kuna jambo ambalo hatupendi kulisema kwenye maadhimisho: Wangoni walifika huku karne ya kumi na tisa kwa mkuki, wakawatiisha waliowakuta. Wandendeule na wengine wengi waliishi chini ya manduna hao hao tunaowaenzi. Wapo ambao vita vile havikuwa vyao. Njaa haikuwauliza. Ilimla mtawala na mtawaliwa, aliyekunywa maji na aliyeyakataa. Sanamu za viongozi haziwezi kuwasimamia watu wa namna hiyo, hata tukizipaka rangi kila mwaka.

Na kamba ina mwenye kamba. Unaweza kumtaja, unaweza kumdai mjukuu wake akaja kuomba radhi. Njaa huonekana kama mambo ya Mungu. Baada ya miaka mia, "kulikuwa na njaa" ni sentensi isiyo na mtenda. Waandishi wenzangu, mnajua sarufi: tazameni jinsi kitenzi kimoja kinavyoweza kumwachilia mtu huru.

Sasa sikiliza kichekesho kisichochekesha. Sehemu kubwa ya uwanja wa njaa ile imekwisha kufunguliwa kwa wageni siku nyingi. Kaskazini ya mkoa wetu, upande wa Namtumbo na kuelekea Liwale, vijiji vilikufa au vikahama, pori likarudi, ndorobo wakarudi, tembo wakarudi. Hazikuwa sababu za vita peke yake; baadaye utawala wa Waingereza uliwahamisha watu wengine kwa ajili ya malale na tembo. Lakini vita vilianza kazi. Nchi ile leo imo ndani ya Pori la Akiba la Selous, na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni hulipa fedha nzuri kuona nyika ambayo anaambiwa haijaguswa na mtu. Haijaguswa! Jamani.

Najua hoja itakayonipinga, na ni nzito: njaa haina cha kuonyesha. Kamba unaweza kuitundika, mkuki unaweza kuuegemeza ukutani. Njaa utaiweka kwenye kabati gani? Kwa kweli hata sisi wa kalamu tumeshindwa hapo hapo. Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia ya nguvu, na kiini chake ni maji, neno, imani, na mtu anayebebwa na neno alilolitamka mwenyewe. Tangu hapo kila kijana anayeandika shairi la Majimaji anaandika risasi kugeuka maji. Nimeyasoma mengi, kwenye madaftari, kwenye kurasa kama hizi. Sijasoma hata moja la mbegu.

Naeleza. Chukua mwanamke mmoja wa Ungoni, Desemba 1906. Mume hayupo. Kihenge ni majivu. Kwenye dari, juu ya moshi, kuna kibuyu cha mbegu, kibuyu kimoja, askari hawakukiona. Ana watoto watatu. Akizipika zile mbegu, wanafika Januari. Akizipanda, huenda mdogo asifike Machi, lakini atakayebaki atavuna. Afanye nini?

Nduna aliyesimama chini ya kamba alikuwa amekwisha kuamua. Alijua nani adui, na kifo chake kilikuwa na mashahidi. Huyu mama hana adui mbele yake, ana watoto tu. Uamuzi wowote atakaoufanya hakuna atakayeuita ushujaa, na yeye mwenyewe hatausimulia maisha yake yote. Sisi tulio hai leo pale Songea ni wajukuu wa kibuyu hicho, ama kilichopandwa ama kilicholiwa. Mimi silioni swali zito kuliko hilo katika vita vyote vile, na halina hata jiwe.

Kwa hiyo nina pendekezo, nalitoa bila kuitisha kikao. Karibu na makumbusho, au njiani kwenda Chandamali, itengwe robo eka. Isijengwe. Ilimwe kila Novemba kama mashamba mengine, itifuliwe vizuri, halafu isipandwe. Ikifika Februari, mashamba yote ya Songea yakiwa yamesimama, mgeni aletwe pale baada ya kaburi, asimame mbele ya udongo mtupu. Pembeni kiwepo kihenge kimoja kilichoungua na kibuyu kimoja. Mwongozaji aseme sentensi yenye mtenda: walichoma, walizuia, walichukua. Halafu anyamaze.

Nilipolisema hili kijiweni, yule mwenzetu wa watalii aliguna. "Mtalii atapiga picha ya nini? Ya matuta?" Yule wa kaburi siyo sinema akatikisa kichwa kidogo, sijui kwa kukubali au kwa usingizi. Ila mzee mmoja, fundi baiskeli, ambaye muda wote alikuwa anaziba pancha hasemi kitu, ndiye aliyenitega.

"Robo eka iliyotifuliwa," akasema, "hapa Songea, mvua inanyesha? Mwanangu, utaamka asubuhi ukute mtu kapanda maharage."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamuuliza, na yakiota, mzee, yang'olewe au yaachwe? Akapuliza vumbi kwenye mpira, akautia majini kutazama kama bado unavuja.