Chekecheke la Muhuwesi

JUMATATU

Soma Amosi 9:9; Luka 22:31, 32.

Tangu katikati ya miaka ya 1990, changarawe za mto Muhuwesi wilayani Tunduru zimewavuta watafutaji wa vito. Jumapili moja mchimbaji mdogo wa Mbesa alikwenda huko na familia yake. Alipotikisa chekecheke majini, mtoto alilia: "Baba, utayapoteza yote!"

"Hapana, mwanangu. Yakuti ni nzito kuliko mawe ya kawaida. Nikitikisa, inashuka chini, katikati."

Alipolipindua, kijiwe cha buluu kilikuwa juu ya changarawe. Watoto wakashangilia. Mama, aliyezika kitinda mimba wake mwaka ule, aliuliza polepole: "Na sisi, baba, mbona tunatikiswa hivi?" Mumewe hakuwa na jibu. Akamshika mkono, wakaomba palepale ukingoni.

Yesu hakumwambia Petro kwamba hatapepetwa. Alimwambia kwamba amekwisha kumwombea. Shetani hupepeta ili apoteze. Mungu hapotezi hata punje moja.

Jadilini: Ni nani katika darasa lenu anayetikiswa juma hili? Mtamtembelea lini mkaombe pamoja naye?