Haki ya Mpita Njia

Huenda hujapata kujiuliza njia ya miguu iliyo kando ya barabara ya mtaa wako ina upana gani. Swali hilo laonekana dogo, kazi ya mpimaji na kamba yake. Lakini ndani yake mna swali la haki.

Tutazame mitaa ya mashariki ya Nairobi. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba zake zikapangwa kuzunguka viwanja vya wazi. Buruburu na Umoja zilifuata katika miaka ya 1970, zikiwa nyumba za familia. Baadaye watu waliongezeka, na maduka na maghorofa yakasogea mbele. Huyu aliongeza ukuta, yule akajenga kibanda, wa tatu akaegesha gari. Hapana aliyeiba barabara. Kila mmoja alichukua shubiri yake tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Ni nani alipaye shubiri hizo? Ni mtoto wa shule, mama mwenye mzigo kichwani, na mzee mwenye mkongojo, ambao hushuka barabarani katikati ya matatu na bodaboda. Kila mwaka, miongoni mwa wanaouawa katika barabara za Kenya, waendao kwa miguu ndio wengi kuliko wengine.

Basi njia na iwe na upana gani? Kiti cha magurudumu huhitaji kadiri ya sentimita 90 kupita, na viti viwili vipishanapo huhitaji 180. Kijana mwenye afya hupenya hata penye nusu ya 90. Tukimpimia kijana, tumewafungia wengine mlango. Tukimpimia mwenye kiti, hatukumnyima kijana kitu. Kwa hiyo kipimo cha haki huanzia kwa mhitaji. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri ifaayo. Lakini haki ya kufika, bila ya njia ipitikayo, ni wino juu ya karatasi.

Yamkini utasema kuwa adabu yatosha, watu wapishane kwa hisani. Adabu ni njema, walakini hutegemea moyo wa mtoaji, na wahenga walikwisha tuonya: mwenye nguvu mpishe. Kipimo kimewekwa ili mnyonge asiishi kwa kuomba apishwe.

Liko pingamizi zito zaidi. Mwanamke auzaye sukuma wiki kando ya njia naye ni mnyonge. Je, tumfukuze kwa ajili ya sentimita? La. Kipimo kisichomtambua yeye ni dhuluma mpya iliyovaa nguo ya sheria. Wateja wake ni hao hao wapitao kwa miguu. Basi apimiwe ukanda wake kando ya njia, wala asiwe juu yake. Na mahali pasipotosha wote, tupime hasara kabla ya kupima ardhi. Mpita njia aweza kupoteza uhai, muuza mboga riziki, na mwenye gari dakika chache na mahali pa kuegesha. Aachaye nafasi na awe yule ambaye hasara yake ni nyepesi.

Kesho uendapo shule, ipime njia yako kwa hatua, ukaone ni wapi unapolazimika kushuka barabarani. Ni rahisi kumkasirikia jirani aliyejenga hapo. Lakini ikiwa ukuta uliosogea ni wa kwenu, na kodi ya duka lililo nyuma yake ndiyo ikulipiayo karo, utasema nini? Jibu lako siku hiyo ndilo litakaloonyesha kama waipenda haki, au wapenda tu kupishwa.