Chura Mbele ya Hakimu

Msomaji, katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, uko mto uitwao Kihansi. Mto huu huporomoka katika korongo la mawe, na zamani maji yake yalipopiga mwamba yalirusha manyunyu mfano wa mvua isiyokatika. Ndani ya manyunyu hayo aliishi chura wa rangi ya manjano, mdogo hata aweza kukaa juu ya ncha ya kidole gumba. Hatagi mayai kama vyura wengine, bali huzaa watoto. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996, wala hawakumpata penginepo popote duniani.

Lakini alipoonekana, ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Mto ukageuzwa kuendesha mitambo, na manyunyu yakapungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, na waliobaki wakaongezeka kwa muda. Kisha mwaka 2003 wakatoweka karibu wote, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hakusalia hata mmoja porini. Ilipofika 2012 wazao wa wale waliochukuliwa wakaanza kurudishwa kwao, chini ya mvua ya mabomba.

Je, chura huyu alidhulumiwa? Usijibu upesi. Bwawa la Kihansi lina uwezo wa megawati 180, na umeme si anasa. Kwa umeme daktari humpasua mgonjwa usiku, na mwanafunzi husoma pasipo moshi wa koroboi machoni. Mtu alaaniye bwawa hali ameketi chini ya taa, mimi simsadiki.

Wako wasemao ya kuwa haki ni ya mwenye wajibu; chura hadaiwi na mtu, basi naye hana la kudai. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Mtoto mchanga hana wajibu wowote, hata hivyo akirithi shamba hapana ruhusa ya kumnyang'anya. Mlezi husimama mahakamani kwa niaba yake. Kampuni haina roho wala mwili, na sheria yaiita mtu.

Katiba ya Ecuador ya 2008 ilitambua haki za maumbile. New Zealand, mwaka 2017, iliupa mto Whanganui cheo cha mtu mbele ya sheria, ikauwekea wasemaji wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa Wamaori wa mto huo. Jirani zetu wa Uganda waliziandika haki za maumbile katika sheria yao ya mazingira ya 2019. Katiba yetu ya 2010 haikufika huko: kifungu cha 42 chawapa watu haki ya mazingira safi. Lakini kifungu cha 70 chasema kwamba aendaye mahakamani kuyatetea mazingira halazimiki kuonyesha kuwa mtu yeyote amepata hasara. Yasome tena maneno hayo. Mlango umeachwa wazi nusu.

Huenda ukaniuliza: na mbu naye ana haki? Haki ninayoinena si ya kila kiumbe kutouawa; ni ya jinsi nzima isifutwe duniani bila kusikilizwa. Ukimpiga mbu shavuni hukufuta ukoo wake. Na kama siku moja tukitaka kuufuta ukoo wa mbu aletaye malaria, nadhani hukumu ingemwangukia. Lakini na iwe hukumu.

Kusikilizwa si kushinda. Kama sheria ingalitaka korongo la Kihansi liwe na msemaji, mtu angalitumwa kutazama ni nani akaaye humo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Pengine bwawa lingalijengwa vilevile, ila maji ya chura yangalihesabiwa pamoja na saruji. Badala yake alihesabiwa mto ukiwa umekwisha kugeuzwa, na kwa miaka 12 wazao wake wakaishi katika masanduku ya vioo, ng'ambo ya bahari.